Bibi Hajawahi Kuvuta Sigara

Oktoba 2024, katika darasa letu la Kiswahili la mwaka wa pili, mwalimu alitupa zoezi lililoonekana dogo. Alileta aya fupi ya Kiingereza inayoeleza mzunguko wa maji, kama zile wanazosoma watoto wa shule ya msingi, akatuambia tuiandike kwa Kiswahili ambacho mtoto wa miaka 9 ataelewa. Sentensi ya kwanza ilisema tu kwamba jua likipiga bahari, sehemu ya maji hugeuka mvuke na kupanda angani. Akatupa dakika 10. Wengi wetu tumekulia katika nyumba za Waswahili hapa Uingereza, tukaona hata dakika 5 ni nyingi.

Tulikuwa wanafunzi 6 na tulileta majibu 5. Mmoja aliandika kwamba maji ya bahari yanakauka. Mwingine, yanayeyuka. Mwingine, yanapaa. Mimi na mwenzangu mmoja tuliandika yanageuka mvuke. Wa mwisho, ambaye alikuwa amefungua kamusi kwenye simu chini ya meza, aliandika yanavukizwa na jua.

Mwalimu aliyaandika yote ubaoni na hakufuta hata moja. Alituuliza kila neno tumelisikia wapi nyumbani, na nani alilisema, na alikuwa akifanya nini. Saa nzima ikaishia hapo. Nitaeleza kwa ufupi tulichojifunza, kisha nitaeleza kwa nini niliondoka darasani siku ile nikiwa na aibu ambayo ilikuwa na umri wa karibu miaka 8.

Tulianza na kukauka. Hili ndilo neno ambalo sote tulilisikia kila siku. Nguo zimekauka, zianue. Wali umekauka maji, punguza moto. Mto umekauka. Mwalimu akatuonyesha kwamba ukisema kukauka, macho yako yako kwenye kile kilichobaki: nguo, wali, mchanga wa mto. Maji yenyewe hayakushughulishi, yameshakwenda zake. Kwa hiyo mtoto akisoma kwamba maji ya bahari yanakauka atauliza, mbona bahari bado ipo?

Kuyeyuka kukafuata. Barafu inayeyuka, siagi inayeyuka, na sukari inayeyuka ndani ya chai. Lakini sukari ikiyeyuka haiendi popote, iko humo humo, unaionja. Mwenzetu ambaye wazazi wake wametoka Nairobi alisema kwao neno hilo analisikia zaidi kwenye habari: fedha za mradi zimeyeyuka. Tukacheka, kwa sababu hapo kila msikilizaji anajua kuwa kuna mtu aliyezila. Basi kuyeyuka ni neno la kitu kilichopoteza umbo lake au kisichoonekana tena, lakini halikuambii kama kimekuwa mvuke.

Kupaa ni kwenda juu tu. Ndege anapaa, moshi unapaa, na bei zinapaa pia. Kugeuka mvuke kulipita bila ubishi, maana ni maelezo ya wazi na kila mtu atayaelewa. Ikabaki kuvukizwa, pamoja na majina yake ya vitabuni, uvukizi na mvukizo. Ni neno sahihi, na mtoto atakutana nalo kwenye vitabu vya sayansi. Lakini tulipoulizwa ni nani kati yetu aliyewahi kusikia mtu mzima nyumbani akisema maji yamevukizwa, hakuna aliyenyoosha mkono.

Hapo mwalimu akasema, "Vukiza hamulijui, lakini ndugu yake mnamjua. Nani amewahi kusikia kufukiza?"

Nilinyoosha mkono haraka. Nilieleza kwamba siku za Idi, na siku za harusi, mama huwasha kaa dogo, huliweka kwenye chetezo, hutia udi juu yake, kisha huzipitisha nguo juu ya moshi hadi ziingie harufu. Huko ndiko kufukiza nguo. Mwalimu akasema vizuri sana. Akaandika ubaoni: kufuka, kutoa moshi au mvuke. Kufukiza, kukifanya kitu kifuke, au kukipitishia moshi au mvuke kitu kingine. Kisha akauliza, "Na kujifukiza?"

Mwenzangu ambaye mama yake anatoka Dar es Salaam akajibu kabla yangu. "Hiyo ni nyungu, Mwalimu. Mama akishikwa na mafua anachemsha majani, anajifunika shuka, anavuta ule mvuke. Mwaka 2020 wakati wa korona kila mtu Tanzania alikuwa anajifukiza."

"Bila moshi?" niliuliza.

"Moshi wa nini? Ni maji ya moto tu."

Sikusema neno tena hadi kipindi kilipokwisha. Nilikuwa nikihesabu miaka.

Bibi yangu, mama yake mama, alikuja kuishi nasi Coventry mwaka 2015 akitoka Pemba. Baridi ya kwanza ilimshangaza. Nakumbuka asubuhi moja tulipotoka naye kwenda dukani alisimama mlangoni, akatoa pumzi, akaona wingu jeupe mbele ya uso wake. "Tazama," akaniambia, "mie natoka moshi kama garimoshi!" Kwa muda wa wiki nzima tulishindana nani ataweza kutoa moshi mrefu zaidi. Hakuna aliyeuita mvuke. Hata mezani, uji au chai ikiwa ya moto sana, Bibi huniambia nisubiri kwanza, bado inafuka moshi. Kwa hiyo katika Kiswahili changu cha nyumbani, chochote kinachofuka kilikuwa moshi.

Januari 2017 Bibi alipata kikohozi kisichokwisha. Mama alikuwa kazini na hakuweza kuomba ruhusa, kwa hiyo nilitolewa shule mapema nimpeleke kwenye kituo cha afya cha mtaa wetu. Nilikuwa na miaka 12. Mkalimani hakuwepo siku ile, na mimi nilikuwa nikijivunia kwamba sihitaji mkalimani. Nilikuwa nikisoma barua za nyumba nzima, nikizungumza na watu wa gesi kwenye simu. Ndivyo walivyo watoto wengi wa nyumba zetu, na nadhani baadhi yenu mnaosoma hapa mlikuwa hivyo.

Daktari aliuliza kama Bibi amejaribu dawa yoyote nyumbani. Nikamgeukia Bibi.

"Mwambie najifukiza kila usiku," Bibi akasema. "Kwa majani ya mkaratusi, yale aliyoniletea shangazi yako."

Nililijua neno kufukiza. Lilikuwa moshi wa udi. Niliyajua majani. Kujifukiza nilikutafsiri papo hapo bila kusita. Nilimwambia daktari kwa Kiingereza kwamba Bibi yangu anavuta kila usiku, anavuta majani.

Daktari aliacha kuandika. Akauliza, majani gani? Nikajibu kwamba ni majani ya kwao, yameletwa kutoka Zanzibar na shangazi. Akauliza Bibi ameanza lini. Nikamuuliza Bibi.

"Tangu utoto wangu," Bibi akasema, akifurahi kuulizwa. "Mama yangu ndiye aliyenifundisha."

Nikalifasiri hilo pia, neno kwa neno, na hilo nililifasiri sawasawa kabisa.

Daktari alikuwa mtu mpole. Hakucheka wala hakukaripia. Alisema polepole, akimtazama Bibi usoni, kwamba kwa umri wake na kwa kikohozi hiki anamsihi aache, na kwamba kuna msaada kwa watu wanaotaka kuacha. Alinipa karatasi ya maelezo. Bibi akauliza, "Anasemaje?"

"Anasema uache."

"Niache kujifukiza? Kwa nini?"

"Anasema ni vibaya kwa mapafu yako."

Bibi aliitazama ile karatasi, ambayo hakuweza kuisoma, akaikunja na kuitia kwenye mkoba wake. Njiani hakusema mengi. Usiku ule sikuona sufuria ikipelekwa chumbani kwake, wala usiku uliofuata. Mfuko wa majani ya mkaratusi ulikaa juu ya kabati la jikoni hadi tulipohama nyumba ile, kisha ukatupwa.

Ningependa kusema kwamba kosa lilikwisha hapo, lakini liliendelea kuishi. Miaka miwili baadaye mama alimpeleka Bibi kupimwa shinikizo la damu. Nesi akasoma kwenye kompyuta na kuuliza kama Bibi bado anavuta. Mama alihamaki. Alisema mama yake hajawahi kushika sigara maishani mwake. Nesi akasema faili linaonyesha hivyo. Mama alirudi nyumbani akiwa na hasira, akituambia kwamba pale wanachanganya mafaili ya watu, na kwamba wakiona jina la kigeni hawajali. Aliwasimulia majirani na rafiki zake. Mimi nilikuwa mezani nikila. Nilimsikia akisema, nikamuunga mkono. Sikuunganisha kabisa mambo hayo mawili, kwa sababu nilikuwa nimeshasahau nilivyosema.

Halafu ikaja 2020. Simu ya Bibi ilijaa sauti na video kutoka nyumbani. Rais John Magufuli alikuwa akiwahimiza Watanzania wajifukize, na watu walirekodi wakiwa chini ya mablanketi na sufuria zao. Mashirika ya afya ya kimataifa yalisema mvuke hauponyi ugonjwa ule, na hilo ni kweli, nami siandiki makala hii kuutetea. Lakini ndugu zake Bibi walikuwa wakimpigia kila siku kumuuliza, je, huko uliko unajifukiza? Naye alikuwa akiwajibu, "Mie daktari wa huku alinikataza. Wanasema kunaharibu mapafu." Nilimsikia akisema maneno hayo zaidi ya mara moja, nikiwa chumba cha pili. Alikuwa mtu mzima, amefungiwa ndani, anaogopa, na kitu kimoja alichofundishwa na mama yake kumpa nafuu alikuwa amekiacha kwa sababu yangu. Na kule Pemba nako, watu waliamini kwamba madaktari wa Ulaya wamegundua ubaya wa kujifukiza.

Haya ndiyo niliyokuwa nikiyahesabu darasani.

Baada ya kipindi nilimsimulia mwalimu. Nilitegemea angesikitika, lakini kwanza alicheka hadi akavua miwani, kisha akaniambia jambo ambalo limenisaidia. Alisema kosa langu lina ukoo mkubwa. Ile reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901 ilipitisha injini zilizosukumwa na mvuke. Kinachosukuma ni maji yaliyochemshwa, lakini watu waliotazama nje waliona moshi wa kuni na makaa, wakaliita garimoshi. Meli za namna hiyo pia ziliitwa za moshi. Wazungu walilitaja jambo lile kwa kinachosukuma, Waswahili kwa kinachoonekana, na hakuna aliyekosea. "Wewe," akasema, "uliona kinachoonekana nyumbani kwenu. Tatizo ni kwamba uliona chumba kimoja cha neno, ukadhani umeiona nyumba nzima."

Ijumaa ile nilipanda treni kutoka London kurudi Coventry. Nilimkuta Bibi jikoni. Nikamsalimia, nikakaa, nikamwambia nina jambo la kukiri. Nilimweleza yote, kuanzia zoezi la mzunguko wa maji hadi daktari na ile karatasi. Nilipofika kwenye faili na ile hasira ya mama, akaniwekea mkono mdomoni ninyamaze.

"Kwa hiyo," akasema, "daktari alidhani mie navuta sigara."

"Majani, Bibi. Ya kuvuta."

"Bangi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Ndiyo, bila shaka ndivyo daktari alivyofikiri. Bibi alikaa kimya muda mrefu, na kwa kweli nilianza kulia. Kisha akasema, "Na nikamwambia mama yangu ndiye aliyenifundisha!" Akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu nikiwa mdogo, akijipiga mapaja. Mama akashuka kuuliza kuna nini, ikabidi niisimulie mara ya pili. Mama hakucheka upesi kama Bibi. Alikuwa na miaka yake ya kuwalaumu watu wa kituo cha afya, na haikuwa rahisi kuishusha.

Lakini baada ya kucheka Bibi aliniambia kitu kingine, na sauti yake ilikuwa tofauti. "Ungeniuliza tu, mwanangu. Ungesema, Bibi, kujifukiza ndio kufanya nini? Ningekuonyesha kwa mikono." Sikuwa na jibu. Sikumuuliza kwa sababu nilidhani najua, na nilidhani najua kwa sababu lilikuwa neno la nyumbani. Neno la kitabuni ningelitafuta kwenye kamusi.

Jioni ile alitaka kujua nimejifunza nini hasa huko chuoni kuhusu mambo haya. Nikamwambia, maji yakigeuka mvuke vitabuni huitwa uvukizi.

"Uvukizi," akarudia. "Nani anayevukiza?"

"Jua, Bibi. Au moto, au upepo."

"Basi si mseme jua limekausha? Kwetu Pemba wanaotengeneza chumvi huingiza maji ya bahari kwenye mashamba ya chumvi, wakayafungia, wakaliachia jua. Siku zikipita maji hakuna, chumvi ipo. Hakuna anayesema uvukizi pale, na chumvi inapatikana."

Nilimwambia kwamba ni kweli, na kwamba katika kila lita 1 ya maji ya bahari mna takriban gramu 35 za chumvi, ndiyo inayobaki. Lakini nikamwambia pia kwamba kuna mahali ambapo kukausha hakutoshi. Yeye mwenyewe alinisimulia zamani kwamba maji ya mtungi yalikuwa baridi kuliko maji ya ndoo, ingawa yote yamekaa chumba kimoja. Nikamuuliza, kwa nini?

"Kwa sababu ya udongo," akasema.

"Udongo unafanya nini?"

Akafikiri. Nikamweleza kwamba mtungi una vitundu vidogo visivyoonekana, maji hupenya kidogo kidogo hadi nje, ndiyo maana ukiugusa una unyevu. Yale yaliyofika nje hugeuka mvuke bila kuchemka, kwa sababu maji hayangoji kufika nyuzi 100 ndipo yawe mvuke, hugeuka polepole hata kwenye joto la kawaida. Na ili yageuke lazima yachukue joto kutoka mahali, basi huchukua kwenye mtungi na kwenye maji yaliyobaki ndani. Jasho nalo hutupoza vivyo hivyo. Ndiyo maana siku ya fukuto, hewa ikiwa imeshajaa mvuke, jasho halikauki upesi nawe hupati nafuu. Mtungi haukauki, nikasema, mtungi umejaa maji, kwa hiyo huwezi kusema jua limeukausha. Pale ndipo tunapolihitaji lile neno lingine.

Bibi alinisikiliza hadi mwisho. "Haya," akasema, "hapo nimekubali. Uvukizi na ukae kwenye mtungi."

Jumatatu iliyofuata sikurudi London asubuhi. Nilikwenda na Bibi na mama kwenye kituo cha afya. Nilikuwa nimeandika barua ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza, nikieleza kwamba mwaka 2017 mimi nilikuwa mfasiri, nikiwa mtoto, na kwamba neno nililolifasiri kama kuvuta lina maana ya kuinamia chombo cha maji ya moto na kuvuta mvuke wake. Daktari yule hakuwepo tena. Nesi aliisoma, akatabasamu, akasema watarekebisha. Haikuchukua hata dakika 10. Mama aliomba radhi kwa maneno aliyowahi kuwatupia, nao walikuwa hawayakumbuki.

Nesi pia alitupa tahadhari, na ni haki niiandike hapa. Alisema kujifukiza hakuponyi maambukizo, kunaweza tu kumfungua mtu pua kwa muda, na kwamba hatari kubwa ni kuungua. Watoto wasifanyishwe kabisa kwa bakuli la maji ya moto. Nilimfasiria Bibi, safari hii polepole, nikimuuliza kila neno ambalo sikuwa na uhakika nalo. Bibi akasema mwambie hilo nalijua kabla yeye hajazaliwa. Hilo sikulifasiri.

Desemba Bibi alipata mafua, nami nilikuwa nyumbani kwa likizo. Aliniita nione. Aliweka sufuria sakafuni juu ya ubao, si mapajani wala kitandani. Alingoja kidogo baada ya kuitoa jikoni. Alitia majani, akakaa kwenye kiti kifupi, akajifunika kanga mbili, akafumba macho. Kabla ya hapo, maji yakiwa bado yanachemka kwenye birika, alinionyesha mdomo wa birika. Karibu kabisa na mdomo hapaonekani kitu. Wingu jeupe linaanza mbele kidogo. "Usitie mkono hapa," akasema, akionyesha pale palipo patupu. "Pale usipoona kitu ndipo panapounguza."

Kwenye fizikia tuliambiwa jambo hilo hilo. Mvuke halisi hauonekani. Lile wingu jeupe tunaloliita mvuke, au moshi, ni matone madogo sana ya maji ambayo yameshaanza kupoa. Bibi hajasoma fizikia, lakini amechemsha maji kwa miaka zaidi ya 60.

Wanachama wenzangu, nimeyaandika haya kwa ruhusa ya Bibi, ambaye alitoa sharti moja tu, kwamba kichwa cha habari kiseme wazi kuwa hajawahi kuvuta. Ninachotaka kutuambia sisi tuliokulia huku ni hiki. Maneno magumu hayatuangushi sana, kwa sababu tunayaogopa na tunayatafuta. Uvukizi hautamdhuru mtu yeyote. Yanayotuangusha ni yale ya jikoni na chumbani, tuliyoyasikia tangu utoto katika shughuli moja tu, tukadhani hiyo ndiyo maana yake yote. Kwangu lilikuwa kufukiza. Kwako huenda ni jingine, na huenda sasa hivi liko kwenye faili la mtu.

Wahariri wamekubali kutenga ukurasa katika toleo lijalo kwa ajili ya maneno kama haya. Tuleteeni neno mlilolikosea nyumbani, mlikosea vipi, na nani aliwasahihisha. Walimu wetu nao wamealikwa. Na kama yupo anayejua nitapata wapi majani makavu ya mkaratusi hapa Uingereza, aniambie. Kuna mfuko ninaodaiwa.